Keki ya mwanangu haikuletwa mezani, sasa sitaki kurudi Moshi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka saba na wa kiume ana minne. Naishi Dar es Salaam, upande wa Kimara, pamoja na mume wangu ambaye kwao ni Kibosho, Moshi. Kwetu mimi ni Muheza. Ndoa yetu haina ugomvi mkubwa, nalisema hilo mapema. Kinachonikosesha usingizi ni Krismasi.

Kule Muheza mama alituokea keki kila Desemba. Oveni hatukuwa nayo. Alitia mchanga kwenye sufuria kubwa, akaweka ndani yake sufuria ndogo yenye unga uliokwisha korogwa, akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko. Sisi watoto tulikuwa tunakwangua maganda ya machungwa, maana machungwa ndiyo yaliyokuwepo kwa wingi. Nilipopata wangu nikaendeleza hivyo hivyo. Shule zikifungwa tunakata kalenda za zamani na makasha ya dawa ya meno, tunatengeneza minyororo na nyota. Gundi tunaipika wenyewe kwa uji wa ngano. Vifuniko vya soda tunavitoboa na kuvitunga kwenye uzi. Tawi la mvinje ndilo mti wetu, nao wanalibandika pamba iwe theluji. Halafu inafika siku ya keki, na siku hiyo unga unakuwa kila mahali, hadi kwenye rimoti ya televisheni.

Mwaka jana mume wangu alisema twende Kibosho kuhesabiwa, kama wanavyosema wenyewe. Mama mkwe amezeeka na alikuwa hajapata kukaa vizuri na wajukuu hawa. Nilikubali kwa moyo mweupe. Binti yangu akaomba tumpelekee bibi keki. Tuliioka usiku wa kuamkia safari, nusu kilo ya unga na mayai sita, yeye ndiye aliyekoroga, na juu akapanga karanga ziandike BIBI. Niliifunga ikiwa bado ya moto kwa sababu basi lilikuwa la alfajiri. Akaipakata mwenyewe safari nzima. Alibeba na mnyororo wake wa karatasi.

Tulikuta nyumba imeshapambwa. Wifi yangu ana uwezo, na kila mwaka ndiye anayebeba gharama kubwa: mbuzi wa ndafu, vinywaji, maturubai. Alikuwa amenunua taa za kuwaka na kuzima, mti wa plastiki unaonizidi urefu, na ameagiza keki ya ghorofa tatu kutoka mjini. Keki yetu ilipofunguliwa ilikuwa imepasuka upande mmoja na karanga zimehama. Wifi akaitazama, akasema, "Hii ipelekeni jikoni, watakula wapishi." Binti yangu alikuwa amesimama hapo hapo. Mnyororo wake ukawekwa juu ya kabati na haukushuka tena. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, alisikia, hakusema kitu. Usiku nikamkuta mume wangu jikoni anakula kipande cha ile keki, amesimama. Hilo liliniuma kuliko yote, kwamba anaila kwa kujificha.

Siku zilizobaki nilikaa kwa adabu. Nilimenya ndizi za mtori, nikaosha vyombo, nikacheka palipotakiwa kucheka. Binti yangu alishinda na bibi yake migombani, na asubuhi ya kuondoka akaja na kitu walichosuka kwa majani makavu ya mgomba, anasema ni nyota. Tukarudi.

Sasa shule zimefungwa tena, Shangazi, na mkubwa hataki kuoka. Mdogo anauliza kila siku "keki lini?", dada yake anamjibu kwamba keki za mkaa ni za watu wasio na hela. Juzi akaniuliza, "Mama, sisi ni maskini?" Nilikosa jibu, nikaenda kuanua nguo.

Mume wangu ameshapiga simu kwao kwamba tunakwenda. Nimemwambia mimi na watoto hatuendi, tutakula Krismasi yetu hapa hapa Kimara. Anasema navunja familia kwa ajili ya keki, na kwamba ikibidi atakwenda na watoto, mimi nibaki. Mama mkwe naye ananipigia kuuliza wajukuu wanapenda nini siku hizi, nami sijui nimjibuje. Sina ugomvi naye. Lakini nikifikiria kuingia tena ukumbini mle mikono inakufa ganzi. Tiketi zinaisha. Je, nakosea kumlinda mwanangu?

Mama wa wawili, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Mtoto wa miaka sita, maana mwaka jana alikuwa na sita, amepakata keki kutoka Kimara hadi Kibosho, zaidi ya kilomita 500, kisha akasikia mbele ya watu kwamba hiyo itakwenda kwa wapishi. Kauli ile iliumiza, hata kama aliyeitoa hakukusudia kuumiza. Kwa hiyo sitakuambia kwamba umelikuza jambo, wala sikubaliani na mume wako anaposema ni habari ya keki tu. Nadhani naye anajua si keki tu, ila amebanwa katikati ya mama yake, dada yake na mkewe, na mtu aliyebanwa hutoa neno la kwanza linalomjia.

Nilivyokuelewa, umefunga furushi moja lenye mambo matatu. Kuna binti aliyeacha kuoka na kuanza kujiuliza kama kwao ni maskini. Kuna wewe na wakwe zako. Halafu kuna safari ambayo lazima iamuliwe kabla tiketi hazijakwisha. Sasa unataka kwenda au kutokwenda kuyajibu yote matatu kwa mpigo, nami nahofia safari peke yake haiwezi. Mnaweza kubaki Kimara na binti bado akakataa kuoka. Mnaweza pia kwenda, wifi akawa mpole kama nini, na swali lile la umaskini likabaki bila jibu.

Nianze na mtoto. Unasema ameacha kuoka kwa sababu ya yaliyotokea Kibosho, na inawezekana kabisa. Lakini maneno "keki za mkaa ni za watu wasio na hela" hayamo katika aliyoyasema wifi yako, angalau kwa ulivyoniandikia. Ameyatoa wapi? Huenda ni shuleni, maana umri wa miaka saba ndio watoto wanaanza kulinganisha mabegi, viatu na keki za siku ya kuzaliwa. Huenda amekusikia wewe na baba yake mkizungumza usiku, kuta za nyumba zetu zinapitisha sauti. Huenda pia ameunganisha mwenyewe alichokiona. Hujaniambia kama umewahi kumuuliza. Usimkalishe kitako kama shahidi. Siku unamsuka nywele, mikono yako ina kazi na macho hayakutani, muulize ile siku keki ilipopelekwa jikoni yeye aliwaza nini. Kisha nyamaza, hata kama kimya kitarefuka. Inawezekana utasikia jambo kubwa kuliko unavyodhani, na inawezekana utasikia kwamba ameshasahau nusu yake na kinachomsumbua ni rafiki wa darasani.

Na lile swali la umaskini bado linakusubiri. Hakuna ubaya katika kulikimbia siku ile, nguo nazo zilihitaji kuanuliwa, lakini mtoto asipojibiwa hujijibu. Mpe ukweli wa kiasi chake: tunakula, tunalala pazuri, unasoma, vipo tusivyoweza kununua, na Januari ina sare, daftari na michango, shangazi yako ana zaidi, na sehemu ya alichonacho huwa analisha ukoo mzima. Mtoto anaweza kuyapokea hayo yote bila kuona aibu, ilimradi uso wako usiwe na aibu unapoyasema.

Kuhusu mkaa na mchanga, mweleze kwamba nyumba nyingi sana nchini zimeoka hivyo miaka na miaka, na kwamba kupima moto wa juu na wa chini bila kipimajoto ni ujuzi. Wenye oveni wengi hawauwezi. (Niweke neno hapa kwa wasomaji wote: okeni uani au mahali penye hewa, kamwe si chumbani kumefungwa. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na huua.) Mweleze pia jambo ambalo mume wako anaweza kulisimulia vizuri kuliko mimi, kwamba Uchagani keki ya wenyewe kwenye sherehe ni ndafu, yule mbuzi mzima aliyechomwa, anayeletwa mbele za watu na majani mdomoni, akakatwa, watu wakalishana. Keki ya ghorofa tatu ni mgeni pale sawasawa na keki ya machungwa ya Muheza.

Sasa nije kwako. Umeuliza kama unakosea kumlinda mwanao. Naomba nikuulize kwa upole: ukumbini mle, hakuna mwingine aliyehitaji kulindwa? Uliniorodheshea alivyogharamia wifi, mbuzi, vinywaji, maturubai, hata urefu wa mti wa plastiki. Katika familia za namna hiyo kila mtu anajua nani alileta nini. Wewe ulikuja na keki. Ndio uliokuwa mkono wako, na mkono wako ukatumwa jikoni. Binti aliondoka akaenda kushinda migombani na bibi yake. Wewe ulibaki ukiosha vyombo na kucheka kwa wajibu. Naona maumivu yako yamekaa muda mrefu kuliko yake, na huna haja ya kuyaonea haya. Ila yaite yako. Ukisema hatuendi kwa ajili ya mtoto, ipo siku mtoto ataamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha bibi akakaa peke yake.

Ipo sentensi uliyoipita mbio. Binti alirudi na "kitu" walichosuka na bibi kwa majani ya mgomba, "anasema ni nyota", tukarudi. Nyota hiyo iko wapi sasa? Unasema mama mkwe alisikia na hakusema kitu, na kimya chake umekisoma kama kukubali. Inawezekana. Lakini mzee anayetunzwa na bintiye, sikukuu yote imegharamiwa na binti huyo huyo, angemkemea vipi mbele ya wageni? Kisha siku zilizofuata mzee yule yule anakaa na mjukuu anamfundisha kusuka mapambo. Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini, na huenda alikuwa anapitisha muda tu. Wewe pia hujui, maana hujamuuliza.

Vivyo hivyo kwa mume wako na kile kipande alichokula amesimama. Uliona mtu anajificha. Mimi nikisoma naona pia mtu ambaye keki ya mwanawe ilimkaa kooni, akaifuata usiku. Au alikuwa na njaa na anaipenda keki yako, wanaume nao hula. Ukimuuliza kwa nini hakukutetea, atajitetea yeye. Jaribu kumuuliza usiku ule alikuwa anawaza nini.

Wifi simjui, wewe unamjua. Umenipa kisa kimoja tu. Kama ana desturi ya kupima watu kwa mifuko yao, jihadhari naye. Kama ni mtu mwema aliyekuwa na simu sikioni, wageni mlangoni na mbuzi hajafika, akaropoka, hilo ni jingine. Jiulize hili kwa haki kabla ya kuamua lolote juu yake.

Njia ziko kadhaa na hakuna iliyo nyepesi. Mkibaki Kimara mtapata utulivu, mvinje wenu na pamba yenu, na mdogo atapata keki yake. Lakini mume wako ameshatoa neno kwao, mzee anahesabu siku, na habari ya kwa nini hamkuja itasimuliwa na watu wengine, si wewe. Na kama ataondoka na watoto wewe ukabaki, binti atasimama ukumbini mle bila mama yake. Neno hilo lilitoka kwa hasira, kwa hiyo lizungumzeni tena mkiwa mmepoa.

Mkienda kama mlivyokwenda mwaka jana, bila kubadilisha kitu, mikono itakufa ganzi kweli. Kwa hiyo kama ni kwenda, jambo fulani litangulie. Katika nyumba nyingi za kwetu neno la kumfikia wifi linabebwa vizuri zaidi na kaka yake. Mume wako anaweza kumpigia mapema: "Mtoto alikuja na keki mwaka jana, ikaishia jikoni, akaumia. Akija nayo tena, iwekwe mezani." Hatari yake ni kwamba wifi anaweza kusikia sauti yako nyuma ya sauti ya kaka yake, ukafika ukiwa umeshapewa jina la mwenye maneno. Kubalianeni kwanza atasema nini, na asiongeze. Ukiamua kumpigia mwenyewe, jiandae kusikia kwamba hakumbuki. Wanaotoa kauli za namna hiyo mara nyingi hawazikumbuki, na kutokukumbuka kwake kunaweza kukuuma upya. Wachaga wana jani la isale, ambalo mtu humpelekea mwenzake kuomba radhi na kutaka amani. Sioni kama mmefika huko, lakini ni vizuri ujue nyumba uliyoolewa ina njia zake za kurudisha mtu kwa mtu, na mume wako anazijua.

Ipo pia njia ya kuoka huko huko. Mama mkwe anakuuliza wajukuu wanapenda nini siku hizi nawe huna jibu, lakini umeniandikia aya nzima ya jibu. Wanapenda kuoka, wanapenda kukata na kubandika. Unaweza kumwambia hivyo na kumuuliza kama ana sufuria kubwa na mahali pa kupata mchanga safi. Msingoje tarehe 24, siku hiyo jiko lina watu wazima wenye visu na haraka zao. Iwe siku moja mbili kabla. Binti anaweza kukataa. Msimlazimishe, mwacheni mdogo aanze na bibi, mkubwa atasogea akitaka. Hatari ni kwamba mzee anaweza kuwa amechoka, au wifi akaona mnashindana naye. Mzee umwulize kwanza. Wifi naye mnaweza kumwalika, apige mayai kama yupo. Na pamba waiache Kimara: asubuhi mawingu yakiwa hayajafunga, wataiona theluji ya Kibo yenyewe.

Wengine huchagua kula Krismasi kwao, kisha wakapanda tarehe 26 au 27 na kukaa na wazee hadi Mwaka Mpya, kelele zikiwa zimepungua. Bibi atawapata wajukuu kwa utulivu zaidi. Ila mume wako ataikosa siku yenyewe ambayo ukoo unakutana, na kwa mtu wa Kibosho siku hiyo ina uzito. Muulize ina uzito gani kwake, usimkadirie.

Kuhusu keki yenyewe, na hapa sikulaumu maana basi la alfajiri halisubiri: ikifungwa moto hutoa jasho, ikalainika na kupasuka njiani. Iacheni ipoe usiku kucha. Na kama ni ya kusafiri, keki nzito ya zabibu kavu huvumilia barabara kuliko ile nyepesi, na inaweza kuokwa siku nyingi kabla. Maandishi ya juu yawekwe mkishafika.

Tiketi zinaisha, ni kweli, lakini bado mna jioni kadhaa. Mimi ningeanza kuzungumza na binti kabla ya kuzungumza tena na baba yake, maana atakachosema kinaweza kubadilisha unachokitaka. Na wakati nyinyi wakubwa mnapatana, mdogo hana kosa na hajakosana na mtu. Keki yake inaweza kuokwa hata Jumamosi hii, safari iwepo isiwepo. Dada yake akipita hapo uani, kikwanguo cha machungwa kiwepo karibu naye, basi, usimwambie kitu. Niandikie alichokujibu.

Shangazi